Kutafuta Forodha ya Helsingør

Baba yangu alikuwa karani wa forodha bandarini Kilindini kwa miaka 28. Jioni alirudi nyumbani kwetu Kibokoni na wino wa mihuri vidoleni, na mazungumzo yake yalikuwa ya hati za shehena: nani kaandika magunia pungufu, nani kapitisha vitambaa vipya kwa jina la mitumba. Sisi watoto tulimsikiliza kama wenzetu walivyosikiliza hadithi za sungura. Basi nilipokwenda kumuaga kwamba nasafiri Denmark kumwona dada yangu, hakuniuliza habari za baridi wala za viza. Aliniambia, "Ukifika huko, nenda Helsingør. Kaniangalilie ile forodha."

Habari zake alizipata zamani, katika kozi ya kazini: forodha iliyosimamisha meli za mataifa yote kwa zaidi ya miaka 400, si kwa kuwa zilileta mzigo nchini, bali kwa kuwa zilipita mlangoni. Haikumtoka akilini mpaka akastaafu.

Helsingør iko kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Sjælland, dakika 45 hivi kwa treni kutoka Copenhagen. Ndio mji mkuu wa manispaa yenye jina hilohilo, ambayo ndani yake mna pia vijiji vya pwani kama Snekkersten, Hellebæk na Hornbæk. Ilikuwa Septemba na upepo ulikuwa mkali. Nilipotoka kituoni nikakuta bahari mbele yangu, na ng'ambo ya bahari, Uswidi. Niliweza kuhesabu majengo ya mji wa Helsingborg. Mlango-bahari wa Øresund una upana wa kilomita nne tu hapa, na feri inauvuka kwa dakika 20. Waswidi huja asubuhi kununua jibini na pombe, na wengine hupanda feri na kwenda na kurudi bila kushuka, wakila na kuzungumza kama walio mkahawani.

Ukisimama pale ufukweni huhitaji kuelezwa historia ya mji. Bahari ya Baltiki ni kama chumba kikubwa chenye milango mitatu, na mlango uliotumika zaidi ni huu. Ngano ya Poland, mbao na lami za Finland, chuma na shaba za Uswidi, katani ya Urusi, vyote vilipita hapa kwenda Amsterdam na London, na meli zilirudi na chumvi, divai na nguo. Milango mingine miwili nayo imo katikati ya ardhi ya Denmark. Kukwepa hakukuwezekana.

Erik wa Pomerania, mfalme wa Denmark, aliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1426 aliupa Helsingør haki za mji, na mwaka 1429 akaanza kutoza ushuru wa kupita. Kwenye ulimi wa nchi unaoingia baharini akajenga ngome iliyoitwa Krogen. Wakati huo pande zote mbili za mlango zilikuwa zake, kwani jimbo la Skåne, lile la ng'ambo, lilikuwa la Denmark hadi mwaka 1658.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo baba alipotaka nikae. Mwanzoni kila meli ililipa sarafu moja ya dhahabu, ndogo kwa kubwa. Katika miaka ya 1560 Mfalme Frederik II akaubadilisha utaratibu, meli zikatozwa kulingana na shehena. Ndipo likaja swali ambalo kila karani wa forodha duniani analijua: utajuaje kwamba nahodha anasema kweli? Huwezi kuzipakua meli elfu moja na kuzipakia tena. Wadenmark walipata jawabu ambalo kwangu ni mojawapo ya mambo mazuri niliyowahi kuyasikia katika kazi ya ushuru. Nahodha alitaja mwenyewe thamani ya shehena yake, na hakuna aliyembishia. Lakini mfalme alikuwa na haki ya kuinunua shehena hiyo yote kwa bei ileile aliyoitaja nahodha. Ukitaja bei ya chini, huenda ukajikuta umeuza mzigo wako kwa hasara palepale nangani. Ukitaja ya juu, ushuru unapanda. Njia iliyobaki ni kusema kweli.

Usiku huo nilimpigia baba simu nikamweleza. Alicheka kwa raha ya mtu anayesikia sifa za fundi mwenzake. "Hao walikuwa makarani," akasema. "Hao walikuwa makarani hasa."

Enzi hizo, meli ilipokaribia ngome ilishusha tanga lake la juu kwa heshima, na isipofanya hivyo mzinga ulilia. Ikatia nanga, nahodha akapigiwa makasia hadi pwani, akaingia forodhani na karatasi zake, akalipa, kisha akangoja. Kungoja ndiko kulikoulisha mji. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunajua kungoja kusi na kungoja kaskazi. Hapa pepo hazina majira ya kutegemewa namna ile, na mabaharia waliweza kukaa siku nyingi wakitazama bendera ilivyoelekea. Walihitaji maji, mkate, bia, kamba, matanga, rubani wa kuwaongoza, wakala wa kuwasemea, na mtu wa kuwakopesha. Wageni wakahamia kabisa. Waholanzi walijenga hapa, na Waskoti walikuwa na altare yao ndani ya kanisa la Mtakatifu Olai. Ukitembea leo katika mtaa wa Stengade, majumba ya wafanyabiashara wa zamani bado yamesimama, yenye ncha za matofali juu na milango ya kuinama chini. Nyuma yake kuna monasteri ya Wakarmeli iliyoanzishwa mwaka 1430, pamoja na kanisa la Mtakatifu Maria ambamo Dieterich Buxtehude alipiga kinanda kutoka mwaka 1660 hadi 1668, kabla hajaenda Lübeck na kuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa kanisa.

Lakini mimi nilikuwa nimetumwa forodha. Nikauliza maktabani. Mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza baba yangu ana umri gani, kisha akanipa habari kwa upole kama anayetoa taarifa ya msiba. Jengo la forodha ya Øresund lilibomolewa muda mfupi baada ya ushuru kufutwa. Liko jumba bandarini liitwalo Toldkammeret, yaani chumba cha ushuru, lakini hilo ni la baadaye. Lile la baba halipo.

Kilichobaki ni vitabu. Makarani wa Helsingør waliandika jina la nahodha, kwao, alikotoka, alichobeba na alicholipa, na vitabu vyao, cha kwanza kikiwa cha mwaka 1497 na cha mwisho cha 1857, vimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Copenhagen. Safari zilizoandikwa humo ni takriban milioni 1.8. Mwaka 2007 UNESCO iliviingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia, na wataalamu wa Uholanzi wamevinakili kwenye kompyuta, hata mtu aliyekaa Kibokoni anaweza kumtafuta nahodha wa karne ya 17 kwa jina lake. Yule mama alinifungulia ukurasa mmoja. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiye na haraka, mistari imenyooka, jumla imepigiwa mstari chini yake. Nilimwona baba yangu katika mstari ule.

Kumalizika kwa ushuru ule ni habari fupi. Wamarekani walisema hawatalipa tena kwa kupita katika maji ambayo Mungu aliyaumba wazi, au kwa lugha ya mabalozi, bahari ni huru. Nchi nyingine zilikuwa zimeshachoka. Tarehe 14 Machi 1857 mkataba ulitiwa saini Copenhagen: mataifa yaliilipa Denmark fidia ya mara moja, na mlango ukafunguliwa kwa meli zote, milele.

Jumba ambalo fedha za ushuru zililijenga halikubomolewa. Frederik II aliichukua ngome ya Krogen na kati ya mwaka 1574 na 1585 akaigeuza kuwa kasri la mawe ya mchanga na mapaa ya shaba, na mwaka 1577 akaiita Kronborg. Mtu wa Mombasa hawezi kulitazama bila kufikiria Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, miaka minane tu baada ya Kronborg kukamilika. Zote mbili zimesimama mahali ambapo meli haina njia ila kupita chini ya mizinga. Lakini Fort Jesus haikufichi shughuli yake. Kuta zake ni za vita tu. Kronborg imevaa. Ina minara, madirisha makubwa yanayotazama bahari, na ukumbi wa dansi wenye urefu wa mita 62. Nahodha aliyeiona kutoka baharini alitakiwa aogope na ashangae kwa pamoja, na nadhani alifanya yote mawili.

Sehemu kubwa ya fahari ile iliungua kwa moto mwaka 1629, ni kanisa la ndani tu lililosalimika, na Christian IV akaijenga upya. Mwaka 1658 Waswidi waliiteka na kusomba kilichosombeka. Mwaka 1772 malkia Caroline Mathilde, msichana wa Kiingereza aliyeozwa kwa mfalme mgonjwa wa akili, alifungwa humo pamoja na mtoto wake mchanga, kwa sababu ya mapenzi yake na daktari wa mfalme. Alikuwa na umri wa miaka 20. Chumba chake kina dirisha la bahari. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyokaa ukumbini.

Wageni wengi huja kwa ajili ya Hamlet, mwana wa mfalme ambaye Shakespeare alimweka hapa, ingawa hadithi ya asili, kama alivyoiandika mwanahistoria Saxo, ni ya Jutland. Shakespeare hakufika, kwa kadiri ijulikanavyo, lakini waigizaji waliokuja kufanya kazi naye baadaye, Will Kempe mmoja wao, walicheza Helsingør mwaka 1586. Mwalimu Nyerere alitupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili kisichozeeka, na nilipokuwa nikipita katika ua wa kasri hili, ambamo Hamlet imechezwa tangu askari wa ngome walipoicheza mwaka 1816, nilitamani sana angepata nafasi ya kutupa na huyu.

Chini ya ngome kuna mahandaki. Unashuka na taa za mafuta ukutani, sakafu ina mabonde na maji yanadondoka, na baridi yake haifanani na ya nje. Inatoka ndani ya jiwe. Mwisho wa njia moja amekaa Holger Danske, shujaa wa ngano, mikono imekunjwa juu ya upanga, ndevu zimeshuka hadi magotini. Husemwa kwamba amelala, na siku Denmark itakapokuwa hatarini ataamka. Sanamu ya kwanza ilikuwa ya plasta, ya mwaka 1907. Unyevu uliila, na hii ya sasa ni ya saruji. Palikuwa na baba aliyembeba binti yake mdogo mabegani. Mtoto akanong'ona kitu, baba akanong'ona jibu, nao wakatoka kwa vidole vya miguu ili wasimwamshe.

Siku ya pili nilipanda kitreni kidogo kinachofuata pwani ya kaskazini, nikashuka Hellebæk. Ni msitu na mabwawa yanayopokezana maji kwa ngazi hadi baharini. Maji hayo yalizungusha magurudumu ya Hammermøllen, kinu cha nyundo. Ni mahali pazuri kiasi cha kutia uchungu. Kuna nyumba nyeupe ya mbao na matofali, magurudumu ya maji yaliyokarabatiwa, na wazee wanaokunywa kahawa na keki chini ya miti.

Hapa zilitengenezwa bunduki. Mwaka 1768 mashamba ya Hellebæk na kiwanda chake cha silaha viliingia mikononi mwa Heinrich Carl Schimmelmann, mshika hazina wa mfalme na mmoja wa matajiri wakubwa wa zama zake. Alikuwa na kiwanda cha bunduki hapa, alikuwa na viwanda vya sukari na nguo, na alikuwa na mashamba ya miwa katika visiwa vya Denmark huko Karibiani. Uzi unaoviunganisha vitu hivyo ni mmoja. Bunduki za Hellebæk zilipakiwa melini kwenda pwani ya Guinea, kwenye ngome ya Wadenmark ya Christiansborg, ambayo leo iko ndani ya jiji la Accra. Huko zilibadilishwa kwa watu. Watu wakavushwa bahari kwenda kulima miwa, na sukari ikarudi Copenhagen. Meli za Denmark zilibeba Waafrika takriban laki moja kwa njia hiyo. Afrika Magharibi watu wanalijua hadi leo jina la bunduki ya Kidenmark, ingawa wengi hawajasikia habari za kijito hiki.

Mwanawe, Ernst Schimmelmann, alirithi kiwanda na mashamba, akawa waziri wa fedha, na ni yeye aliyeongoza shauri lililozaa amri ya Machi 1792 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wa Denmark. Amri hiyo ilianza kutumika mwaka 1803, na miaka kumi ya katikati ilitumika kujaza mashamba. Utumwa wenyewe visiwani ulikoma mwaka 1848, baada ya watumwa wa St. Croix kuinuka. Wadenmark wanajivunia kuwa wa kwanza kutoa amri ile, na wana haki ya kuikumbuka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu. Mbao zake ni nyeusi kwa maji, na kila ubao unapozama hutoa mlio mdogo kama mtu anayemeza. Natoka katika pwani ambayo nayo iliuza watu, kwa soko la Unguja na la Kilwa, na najua jinsi mahali pazuri panavyoweza kunyamaza. Kibao cha maelezo kipo. Nilikisoma mara mbili, nikaondoka bila kunywa kahawa.

Hornbæk nilipita tu. Ni kijiji cha wavuvi kilichogeuka mapumziko ya matajiri wa Copenhagen, mchanga mweupe na msitu uliopandwa mwishoni mwa karne ya 18 kuuzuia mchanga usimeze mashamba. Pwani yake ni nzuri kwa mtu asiyetoka Diani.

Nikaendelea hadi Snekkersten, kusini mwa mji, kwa sababu ya jambo linalokumbukwa kwa jiwe lililoko huko. Oktoba 1943 Wajerumani, waliokuwa wameikalia Denmark tangu 1940, walianza kuwakamata Wayahudi. Habari zilikuwa zimevuja, na kwa muda wa wiki chache Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa kwenda Uswidi, nchi isiyokuwa vitani. Hapa ndipo bahari ilipo nyembamba zaidi, kwa hiyo walikuja hapa, wakafichwa katika nyumba, hospitali na vibanda vya wavuvi. Helsingør liliundwa kundi lililojiita Chama cha Kushona, jina ambalo askari yeyote angelipuuza. Mmoja wao, Erling Kiær, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Mwingine alikuwa mwandishi wa gazeti, mwingine mpelelezi wa polisi. Daktari wa kijiji, Jørgen Gersfelt, aliwachoma watoto sindano za usingizi ili wasilie mashuani. Mwenye nyumba ya wageni ya Snekkersten, H. C. Thomsen, aliwapokea wakimbizi na kuwasafirisha. Alikamatwa na akafia katika kambi ya Neuengamme mwaka 1944. Kiær naye alikamatwa mwaka huohuo, akaenda kambini, akarudi.

Jiwe lenyewe si kubwa. Nyuma yake kuna gati dogo la mbao na mashua za plastiki za watu wa wikendi. Mlango uleule uliotoza kila aliyepita, wiki zile ulivusha watu ambao hawakuwa na chochote cha kulipa. Zilikuwepo mashua zilizotoza nauli kubwa mno, historia haifichi hilo, lakini Chama cha Kushona kilichangisha fedha ili asiye nazo asiachwe. Niliyatazama maji. Ni kilomita chache tu. Mtoto aliyelala fofofo asingejua amevuka.

Ushuru ulipofutwa, Helsingør ulibaki bila kazi. Meli zilipita bila kusimama, mabaa yakafungwa, wakala hana wa kumsemea. Mwaka 1882 ukaanzishwa uwanja wa kutengeneza meli chini ya kuta za Kronborg, na kwa miaka mia moja mji ukaishi tena kwa meli, safari hii kwa kuziunda. Katika karne ya 20 zaidi ya watu 3,000 walifanya kazi hapo. King'ora chake ndicho kilichoamsha mji. Mwaka 1983 uwanja ukafungwa. Dereva wa teksi aliyenirudisha, ambaye babu yake alikuwa mchomeleaji pale, aliniambia kwamba babu aliendelea kuamka saa ileile ya king'ora mpaka alipokufa.

Karakana zake sasa ni Kulturværftet, nyumba ya utamaduni iliyofunguliwa mwaka 2010, na humo ndimo ilimo maktaba ya yule mama wa miwani. Reli za winchi bado ziko juu ya dari. Nje, bandarini, ameketi kijana wa chuma kinachong'aa kama kioo, kazi ya wasanii Elmgreen na Dragset ya mwaka 2012. Jina lake ni Han, yaani yeye wa kiume, ndugu wa yule nguva wa Copenhagen. Hufumba na kufumbua macho mara moja kwa saa, kwa muda mfupi kuliko sekunde. Nilingoja, na wakati wenyewe feri ikapiga honi nami nikageuka. Nikangoja saa nyingine. Alifumba.

Ila moyo wangu ulibaki kwenye gudi. Uwanja ulipofungwa liliachwa gudi la saruji lenye urefu wa mita 150 na upana wa 25, shimo tupu mbele ya kasri la mfalme. Makumbusho ya bahari yalitakiwa yajengwe hapo, lakini Kronborg iko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na hakuna jengo lililoruhusiwa kuinuka na kuiziba. Wasanifu wa Bjarke Ingels Group wangeweza kulijaza gudi lile. Walikataa. Waliyazungushia makumbusho nje ya kuta zake, chini ya ardhi, na gudi lenyewe wakaliacha wazi, likikatizwa na madaraja mawili matatu ya kioo na chuma. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 2013. Ukiwa mjini huyaoni. Unakaribia, na ardhi inafunguka.

Ndani mna habari za safari za Karibiani, Guinea, India na China, na mna habari za kontena, pamoja na nyota nyeupe ya pembe saba ya Maersk, ambayo nimeiona Kilindini maisha yangu yote bila kufikiri kwamba ina kwao. Nilizipitia. Kisha nikashuka hadi chini kabisa, kwenye sakafu ya gudi. Saruji ina alama za kutu na mikwaruzo. Mkono unaweza kuigusa. Nilisimama katikati, mahali ambapo mkuku wa meli ungekaa, nikatazama juu. Upepo haufiki kule. Kuta zote mbili zinapanda na kulalia nje kidogo, kama mbavu za meli, na hapo nikaelewa kwamba waliloliacha wazi ni umbo la meli isiyokuwapo. Sijui jengo lingine lililowaheshimu makuli na wachomeleaji kiasi hicho.

Mji huu una macho ya kuona umbo la meli katika vitu. Jørn Utzon, mwana wa msanifu wa mashua, aliishi Hellebæk katika nyumba aliyojijengea, na humo katika miaka ya 1950 alichora jumba la opera la Sydney bila kuwahi kufika Australia, akitumia ramani za baharini. Alisema wazi kwamba Kronborg ilimfunza jinsi jengo linavyosimama kwenye ulimi wa nchi na kutazamwa kutoka pande zote.

Jioni ya mwisho nilipanda kwenye boma la Kronborg, upande wa mizinga, nikampigia baba kwa video. Mombasa ilikuwa saa mbili za usiku, naye alikuwa barazani na kikombe cha kahawa.

"Baba, jengo halipo. Walilibomoa zamani."

"Najua, mwanangu. Nilitaka uone mahali."

Nikageuza simu ielekee baharini. Jua lilikuwa linazama nyuma yangu na Uswidi yote ilikuwa ya rangi ya shaba.

"Na hizo meli zasimama?"

"La, baba. Zapita tu."

"Hazilipi?"

"Hazilipi."

Alinyamaza. Nilisikia muadhini wa msikiti wa jirani, na mtu akimwita paka. Kisha akaweka kikombe chini, akasogeza uso karibu na kioo cha simu.

"Haya," akasema. "Nihesabie."

Ya kwanza ilikuwa ndefu na nyekundu, tumbo lake chini majini, imebeba kitu kizito. Nikamwambia. Akauliza yaelekea wapi, nikasema yatoka Baltiki. "Nafaka," akasema baba, na nikasikia kalamu yake ikiandika.